Shekhar Mehta: Mwana wa matajiri aliyevuma kwa gari la watu wa kawaida

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi, pale inapokatiza Bamburi, ni mahali ambapo mtu husomwa tabia kabla hajafungua mlango wa gari. Madereva wa tuktuk na wachuuzi wa kituo cha Mtambo wana kamusi yao isiyoandikwa. Prado nyeusi yenye vioo vya giza ni ya mheshimiwa au ya anayetamani kuitwa hivyo. Subaru inayonguruma ni ya kijana ambaye mshahara wake huishia kwenye petroli. Vitz hukabidhiwa mwanamke wa ofisini hata kama anayeiendesha ni mwanamume mwenye ndevu. Probox ni ya mfanyabiashara asiyejali mgongo wake wala wa abiria wake. Mercedes-Benz haihitaji maelezo, kwani jina lake lilikwisha kulizalia Kiswahili tabaka zima la watu, wabenzi.

Kamusi hiyo ina ukweli wake, ila ufuoni Bamburi kwenyewe kuna nyakati ambapo huvurugika. Mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, yaliyoasisiwa mwaka 2003, yamewahi zaidi ya mara moja kuanzia au kumalizikia katika hoteli ya Whitesands. Hapo huegeshwa Porsche 911, Ford Escort na, katikati yao, Datsun za miaka ya 1970. Mzee yeyote wa Pwani aliyewahi kusimama kando ya barabara msimu wa Pasaka akisubiri vumbi la Safari Rally akiiona Datsun hiyo hukumbuka jina la Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Kampala, Uganda, tarehe 20 Juni 1945, katika familia yenye asili ya India iliyomiliki mashamba makubwa. Kwa hesabu za wakati huo, alikuwa mwana wa watu ambao gari kwao halikuwa ndoto bali kitu cha kuchagua. Alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 21 hivi, akiendesha BMW. Mpiga ramli wa kituo cha Mtambo angemsoma bila shida: kijana wa kitajiri, gari la Kijerumani, mbio za kujifurahisha.

Safari Rally ya enzi hizo haikuwa mahali pa kujifurahisha. Ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa safari ya takriban kilomita 5,000 kwa siku chache, katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa, ambamo dereva alikutana na malori, mifugo, tope la masika na mito iliyofurika. Waliofika mwisho walikuwa wachache. Gari la kifahari lilipata heshima pale lilipoondokea, na baada ya hapo lilipata ilichostahili.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kericho, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, alishinda kwa Datsun 1600 SSS, na hapo gari la Kijapani likavuka kizingiti kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Herrmann alishinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z, na nyuma yake katika nafasi ya pili, kwa gari la aina hiyohiyo, akawa Shekhar Mehta. Kijana wa BMW alikuwa amepata gari lake.

Kisha yakaja ya 1972. Mwezi Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wasiokuwa raia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliong'oka, naye akaingia Kenya. Watu hao walikuwa wamesomwa jinsi magari yasomwavyo, kwa rangi na umbo la nje tu, na hukumu ikatolewa kwa wote pamoja, mwenye kiwanda na fundi cherehani.

Miezi michache tu baadaye, Pasaka ya 1973, Mehta alikuwa kwenye usukani wa Datsun 240Z, mwelekezi wake akiwa Lofty Drews. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia ya magari ya masafa, na Safari ilikuwa mojawapo ya duru zake. Walipofika mwisho, ilibainika kwamba Mehta na Harry Källström wa Sweden, ambaye pia aliendesha Datsun, walikuwa na adhabu sawa kabisa. Sheria ikampa ushindi yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, naye alikuwa Mehta. Mtu aliyepoteza makao yake mwaka uliotangulia akawa bingwa wa Safari.

Hata hivyo, 240Z ilikuwa bado gari la michezo, lenye milango miwili na pua ndefu, na halikuwa gari la kila mtu. Ushindi uliomfanya Mehta kuwa Mehta ulikuja baadaye, kwa gari lisilo na mvuto wowote machoni: Datsun Violet, iliyojulikana pia kama 160J. Lilikuwa na umbo la gari la familia, lenye milango na viti vya kumfaa mwalimu mkuu, karani wa benki au mkulima wa kahawa aliyepata malipo mazuri. Katika maegesho ya kanisa au msikiti hakuna ambaye angeligeukia mara mbili.

Mwaka 1979 kampuni ya Mercedes-Benz ilileta Safari magari yake ya 450 SLC, yenye injini za lita 5, na miongoni mwa madereva wake alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, ambaye mwaka 1972 alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mashindano haya. Mehta, akiwa na mwelekezi Mike Doughty, alikuwa na Violet yenye injini ya lita 2. Alishinda. Mikkola akawa wa pili. Katika nchi ambayo Mercedes ilikuwa alama ya waziri na mkurugenzi, matokeo hayo hayakuhitaji mchambuzi. Watu walicheka barabarani.

Mwaka 1980 Mehta alishinda tena, Rauno Aaltonen akiwa wa pili kwa Datsun, na Mercedes iliyokuwa mbele kuliko nyingine, ya Vic Preston Mdogo wa Kenya, ikaishia nafasi ya tatu. Mwaka 1981 Datsun zilichukua nafasi zote tatu za kwanza: Mehta, Aaltonen na Mike Kirkland. Mwaka 1982 alimwacha nyuma Walter Röhrl wa Ujerumani aliyekuwa na Opel Ascona 400. Ushindi wa mara nne mfululizo, wa tano kwa jumla, na mara zote nne Doughty alikuwa kando yake. Rekodi hiyo ya ushindi mara tano haijavunjwa.

Wapo waliodai kwamba alibebwa na wenyeji wake, yaani kuzijua barabara. Hoja hiyo haina uzito. Preston na Kirkland nao walikuwa wenyeji, tena madereva hodari. Wala si kweli kwamba gari lake lilikuwa sawa na lile la mwalimu mkuu. Lilitengenezwa upya na mafundi wa kiwanda, injini yake ilikuwa ya gharama kubwa, na nyuma yake kulikuwa na magari ya huduma na vipuri tele. Kampuni ilifahamu vyema faida ya mnunuzi wa Nakuru au Kisauni kuamini kwamba anayoiona gazetini ndiyo atakayoipata dukani. Gari nalo huongopa kuhusu mwenyewe.

Lakini lililokuwa la Mehta peke yake ni namna alivyoliendesha. Matokeo yake yanaonyesha mtu aliyejua kuhesabu: mahali pa kukaza mwendo, mahali pa kulipumzisha gari, na wakati wa kumwacha mwenzake akimbilie shimo. Wengi waliokuwa na kasi kumzidi hawakufika.

Nje ya Afrika Mashariki alishindana mara nyingi na mkewe, Yvonne, akiwa mwelekezi. Mwaka 1981 walimaliza wa pili nchini Argentina, na mwishoni mwa mwaka huo Mehta akawa wa tano katika orodha ya madereva wa dunia, jambo kubwa kwa mkimbizi wa Kampala. Mwaka 1986 alikuwa amehamia Peugeot, akaendesha 205 Turbo 16 katika Safari na kumaliza wa nane. Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987, katika mashindano ya jangwani ya Mafarao, ndiyo iliyomwondoa kwenye usukani.

Baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa shirikisho la kimataifa la magari, FIA, akisimamia tume ya mashindano ya aina hiyo. Alikuwa hai Safari ilipoondolewa kwenye duru za dunia baada ya 2002, na hakuiona ikirejea 2021, huko Naivasha. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006.

Jina la Datsun lilikuwa limekwisha kuachwa na kampuni miaka ya 1980, nafasi yake ikachukuliwa na Nissan. Kwa mkazi wa Bamburi neno hilo halimkumbushi mashindano wala bingwa. Akikwambia amefika na nissan, ana maana ya matatu ya abiria 14, hata ikiwa imeandikwa Toyota mbele na nyuma.