Maisha ya Leo Fender: Fundi Aliyelitia Gitaa Mpini

Katika jarida hili tumezoea kusoma maisha ya washairi, wakimbiaji na wanasiasa. Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya fundi. Jina lake ni Leo Fender, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1991. Wengi wenu mmeliona jina hilo limeandikwa kwenye kichwa cha gitaa la stima, mkadhani ni jina la kampuni tu. Kumbe lilikuwa jina la mtu, tena mtu mwenye jicho moja, ambaye mpaka anaingia kaburini hakujua kupiga gitaa!

Leo Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika jimbo la California, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa, kama vile wazee wetu hapa Lumakanda walivyo wakulima wa mahindi. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipatwa na uvimbe katika jicho la kushoto. Jicho likatolewa, akatiwa la kioo. Lakini Mola hakunyimi vyote. Alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na mitatu, jamaa yake mmoja aliyekuwa fundi wa stima za magari alimtumia sanduku lililojaa vipuri vikuukuu pamoja na betri. Baadaye alikwenda kumtembelea jamaa huyo, akasikia redio aliyoiunda mwenyewe ikinguruma kwa sauti kubwa. Sauti ile haikumtoka masikioni maisha yake yote.

Shuleni hakusomea mambo ya stima hata kidogo. Alisomea uhasibu, akaajiriwa kuandika vitabu vya hesabu. Mambo ya redio alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga. Mwaka wa 1934 alioa mke aitwaye Esther. Hiyo ilikuwa miaka ya shida kubwa ya uchumi duniani, na Leo naye akapoteza kazi. Badala ya kukaa akilalamika, mwaka wa 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Basi dukani humo ndimo mambo yalimoanzia. Wanamuziki walikuwa wakimletea amplifaya na magitaa yaliyoharibika. Kila chombo kilichoharibika kilikuwa mwalimu kwake. Alikuwa akitazama ni wapi kimevunjika, kwa nini kimevunjika, na fundi anapata taabu gani kukifungua. Katika miaka ya arobaini alishirikiana na mwanamuziki mmoja, Doc Kauffman, kuunda magitaa na amplifaya, na mwaka wa 1946 akaanzisha kampuni yake mwenyewe.

Sasa hebu tufike kwenye kiini cha habari hii, yaani shingo.

Hapa kwetu Lugari kila boma lina jembe. Mpini ukivunjika, mama hatupi jembe. Anatafuta mti mwingine, unachongwa, unatiwa, na kazi inaendelea kabla jua halijatua. Lakini chungu kikivunjika shingo, ndio mwisho wake. Hata ukikiunga namna gani hakitakuwa kama zamani. Zamani hizo magitaa mengi yalikuwa kama chungu. Shingo, yaani ule mkono mrefu ambapo vidole hubonyeza nyuzi, iliunganishwa na mwili kwa gundi. Ikipinda au ikivunjika, ilibidi apatikane fundi hodari wa kuipasha joto na mvuke mpaka gundi ilainike, aitoe polepole, kisha aunde nyingine. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi na pesa nyingi. Mwanamuziki aliyekula kwa jasho la gitaa lake alikaa nyumbani akisubiri.

Leo Fender aliyaona hayo kwa macho ya mtu wa kutengeneza vitu. Gitaa alilolitoa mwaka wa 1950 halikuwa na tumbo wazi kama magitaa mengine. Mwili wake ulikuwa ubao mzima mnene, ili sauti ya amplifaya isilifanye lilie ovyo. Katika ubao huo alichimba shimo mfano wa mfuko, akaitumbukiza shingo humo, kisha akaikaza kwa nyuma kwa skurubu nne zilizopita katika bamba la chuma. Gundi hakuna. Shingo ikiharibika, chukua bisibisi, fungua skurubu nne, tia nyingine. Gitaa likawa limetiwa mpini.

Ni lazima niseme kweli: si yeye aliyekuwa wa kwanza kabisa. Kampuni ya Rickenbacker ilikuwa imetengeneza gitaa la shingo ya skurubu katika miaka ya thelathini, na wengine pia walikuwa wamejaribu gitaa la ubao mzima. Alilofanya Leo ni kuunganisha mawazo hayo katika chombo rahisi ambacho kiwanda kingeweza kukitoa kwa wingi, shingo zikiundwa upande huu na miili upande ule.

Mwaka jana nilijionea faida yake. Gitaa la kwaya moja hapa jirani lilianguka kutoka kwa bodaboda, likavunjika shingo karibu na kichwa. Halikuwa la Fender, bali liliundwa kwa mfano wake, kama yalivyo magitaa mengi ya bei nafuu. Wanakwaya hawakuwa na pesa za kununua lingine. Kwa bahati ilipatikana shingo ya gitaa jingine lililokuwa limeungua vyombo vya ndani. Nikaenda kumtazama fundi akiitia, na nawaambieni, si kazi ya kubahatisha.

Kwanza alipima. Katika magitaa ya aina hii, kutoka kidaraja cha juu hadi chuma cha kumi na mbili cha shingo ni kama sentimita 32.4, na kutoka hapo hadi daraja la chini ni kiasi hicho hicho au zaidi kidogo. Vipimo visipolingana, gitaa litaimba uongo hata ukaze nyuzi vipi. Kisha alijaribu shingo kwenye mfuko wake. Ilikuwa nene kwa unywele tu, akapitisha msasa pole pole kuta za mfuko mpaka ikaingia bila kulazimishwa na bila kucheza. Alivuta nyuzi mbili za pembeni kutoka juu hadi chini ili aone kama shingo imenyooka, kwa maana ikienda upande kidogo tu, uzi wa mwisho utaanguka nje.

Matundu ya zamani ya shingo ile hayakulingana na ya mwili. Akayaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, akangoja hadi kesho yake. Halafu alitia alama kwa msumari kupitia matundu ya mwili, akatoboa mapya membamba kuliko skurubu. Kwenye ncha ya kutobolea alifunga utepe, ili asizidishe kina akatokea upande wa vidole. Skurubu alizipaka sabuni ziingie laini, akazikaza kwa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, kama vile magurudumu ya gari yanavyokazwa. Alipofunga nyuzi aliona ziko juu mno. Akalegeza, akatia kipande chembamba cha kadi ngumu ndani ya mfuko, shingo ikainama nyuma kidogo, nyuzi zikashuka. Jumapili kwaya iliimba na gitaa lake. Watu wachache sana walitambua kuwa lilikuwa na shingo ya kuazima.

Turudi kwa Leo. Gitaa lake la 1950 liliitwa Broadcaster, lakini kampuni ya Gretsch ililalamika kwamba jina hilo ni lake, na mwaka wa 1951 likaitwa Telecaster. Mwanzoni Leo alikataa kutia chuma ndani ya shingo, akiamini kuwa mbao ngumu inatosha. Wauzaji wake walimbishia, wakisema mbao hupinda kwa mvuto wa nyuzi na hali ya hewa. Mwishowe alikubali, akakitia. Hilo pia ni la kujifunza: alikuwa mkaidi, lakini hakuwa kiziwi.

Mwaka huo huo wa 1951 alitoa gitaa la besi lililoitwa Precision Bass. Kabla yake besi ya bendi nyingi ilikuwa zeze kubwa lenye kimo cha mtu, taabu hata kulipakia garini. Mwaka wa 1954 likafuata Stratocaster, baada ya kusikiliza malalamiko ya wanamuziki, kwa mfano kwamba kona za Telecaster zinawachoma mbavuni. Tangu hapo magitaa ya stima yalienea hata kwetu Afrika Mashariki. Hapa magharibi mwa Kenya tulikuwa tukisifika kwa gitaa la tumbo wazi la George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963. Miaka iliyofuata ikawa ya bendi za magitaa ya stima, twist ya Daudi Kabaka na benga ya ndugu zetu Wajaluo. Benga bila besi ni kama ugali bila mboga.

Pesa alizipata. Mwaka wa 1965, akiwa anasumbuliwa na maradhi ya muda mrefu, aliiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13. Baadaye alipata nafuu. Mwingine angeketi chini ya mchungwa akila mali yake, lakini Leo alirudi kwenye meza ya kazi, kwanza katika kampuni ya Music Man, kisha akaanzisha G&L. Uzeeni alipatwa na ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Hata hivyo aliendelea kufika kazini, na alikuwa huko mpaka siku moja kabla ya kufa. Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81.

Wenzangu, kuna wanaowacheka vijana wa jua kali eti ni watu walioshindwa na masomo. Leo Fender alisoma, akapoteza kazi ya ofisi, akaokolewa na bisibisi. Tena aliwafikiria mafundi wengine ambao hangewahi kuonana nao, hata huyu wa hapa kwetu. Kwa hivyo wewe wa kidato cha kwanza unayefungua redio ya baba usiku, endelea, lakini hakikisha unajua kuifunga. Na siku utakapounda kitu chako mwenyewe, kumbuka kuacha nafasi ya skurubu.