Booker T. Washington, Mwalimu Mkuu wa Tuskegee

Kila mwaka chama chetu hutenga fedha za karo, na kila mwaka wanachama huuliza kwa nini shule hii yasitawi na ile yadhoofika, ilhali madawati na vitabu ni vile vile. Twaona yafaa kusimulia maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo kwa matendo.

Booker T. Washington alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 1856. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, alifanya kazi katika viwanda vya chumvi na machimbo ya makaa ya mawe huku akijifunza kusoma. Mwaka 1872 alifunga safari ndefu, sehemu yake kwa miguu, hadi shule ya Hampton. Mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba, naye alikifagia mara tatu.

Mwaka 1881 aliitwa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, awe mkuu wa shule mpya ya watu weusi. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka, nazo ni za mishahara tu. Kiwanja hapana, nyumba hapana. Alianza tarehe 4 Julai na wanafunzi 30 katika kibanda kilichovuja, mwalimu akiwa yeye peke yake.

Lengo lake lilikuwa moja, na kila mtu shuleni alilijua: mwanafunzi atoke na elimu ya vitabu pamoja na kazi ya mikono ya kumpatia riziki. Basi wanafunzi walijijengea shule wenyewe. Walifyatua matofali, wakachoma tanuu tatu, zote zikaharibika, na fedha zikaisha. Mkuu wao akaiweka rehani saa yake kwa dola 15, na tanuu ya nne ikafaulu. Wala hakuishia kuagiza. Kila siku, hata akiwa safarini, alipelekewa taarifa za mahudhurio, mapato na chakula. Alipofariki tarehe 14 Novemba 1915, shule ilikuwa na wanafunzi wapatao 1,500 na majengo zaidi ya 100.

Hata hivyo, haki yatudai tuutaje na upande wa pili. Mwaka 1903 Dkt. W. E. B. Du Bois, naye mtu mweusi msomi, alimpinga hadharani, akisema kuwa lengo hilo ni fupi, na kwamba watu wasio na elimu ya juu wala haki ya kura hawawezi kusimama. Mashindano hayo ya mawazo yalifika hata kwetu. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kwa kufuata mfano wa Hampton na Tuskegee, na wazazi wengi Waafrika walidai watoto wao wapewe elimu ipitayo ile ya ufundi na ukulima.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, kabla ya kupeleka karo popote, hapana budi tumwulize mkuu wa shule maswali matatu. Lengo lake ni nini? Ajuaje kila siku kwamba analikaribia? Na lengo hilo, je, lawatosha watoto wetu? Tuskegee ilisitawi kwa majibu ya maswali mawili ya kwanza. La tatu ni juu yetu sisi wazazi kuliuliza.