Jeevanjee na Watu Waliojenga Reli

Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, wakazi wake waliunganishwa na njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Miongoni mwa waliotajirika kwa njia hiyo ni marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora wa Karachi.

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856. Hakusoma sana, lakini biashara aliijua barabara. Mnamo 1890 alifungua ofisi Mombasa, na Waingereza walipoazimia kujenga reli hadi Ziwa Victoria, kampuni yake ilipewa kazi ya kuleta vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi. Halafu akapewa kandarasi za chakula chao, za kukata miamba na za kujenga stesheni.

Watu hao walikuja kwa mkataba wa miaka mitatu, mshahara rupia 15 kwa mwezi. Walikuwamo Waislamu wengi wa Punjab, Masingasinga na Wahindu. Jumla yao ilipita 31,000. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, karibu 2,500 walikuwa wamekwisha kufa, na zaidi ya 6,000 wamerudishwa kwao wagonjwa au vilema. Njia yote ni maili zipatazo 580. Basi kila maili moja ilikula roho nne na zaidi.

Watu hupenda kusimulia simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Simba hao walikula watu kweli, lakini homa ya malaria na kuhara damu viliua wengi zaidi, na ajali za kazini nazo zikachukua zao. Huko Marekani, ambako reli ziliua wafanyakazi kwa maelfu, sheria ya mwaka 1893 ililazimisha breki za hewa na vifungio vya mabehewa vinavyojifunga vyenyewe. Kibarua wa Tsavo hakuwa na sheria ya namna hiyo.

Jeevanjee hakuridhika na mali peke yake. Alianzisha gazeti Mombasa, ambalo baadaye lilikuja kuitwa East African Standard. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani. Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Humo, na hata London, alipinga ubaguzi uliowatengea Wazungu mashamba ya nyanda za juu, pamoja na Uasin Gishu yote inayouzunguka mji wa Eldoret. Waliomwaga damu kwa ajili ya reli hawakuruhusiwa kulima kando yake, wala wenyeji walionyang'anywa ardhi hiyo hawakuulizwa.

Alifariki Nairobi mwaka 1936, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imepotea. Bustani yake ingali na jina lake. Wale 2,500 wengi wao hakuna awajuaye kwa majina. Apitaye njia ile na awakumbuke, maana kila maili ina watu wake.