Jenerali Aliyebeba Jina la Mtumwa

Mtu wa isimu huzoea kuuliza jina limetoka wapi kabla ya kuuliza mwenye jina ametenda nini. Ndiyo maana hunishangaza kuona kwamba wapenzi wengi wa fasihi wanalijua jina la Alexandre Dumas, mwandishi wa riwaya, bila ya kujua kuwa hapo awali lilikuwa jina la mtumwa.

Mtumwa huyo ni Marie-Cessette Dumas, mwanamke mweusi wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti. Mwaka 1762 alimzalia kabaila wa Kifaransa mtoto wa kiume, Thomas-Alexandre. Baba alimwuza mwanawe kwa sharti la kumkomboa, kisha mwaka 1776 akamleta Ufaransa. Kijana alipojiandikisha jeshini mwaka 1786, akiwa askari wa cheo cha chini kabisa, aliliacha jina la kikabaila la babake akatwaa la mamake.

Mapinduzi ya 1789 yaliwafungulia mlango wa vyeo watu wasio na nasaba. Kufikia mwaka 1793 Dumas alikuwa jenerali wa divisheni. Mwaka 1794, akiliongoza Jeshi la Alps, aliiteka njia ya mlimani ya Mont Cenis. Mwaka 1797 aliwazuia peke yake wapanda farasi wa Austria darajani Klausen, katika milima ya Tirol. Mwaka uliofuata aliwaamrisha wapanda farasi wote wa Bonaparte nchini Misri.

Huko ndiko nyota yake ilikoanza kufifia. Alitilia shaka makusudi ya vita hivyo, naye Bonaparte hakumsamehe. Aliporejea mwaka 1799, chombo kibovu kilimfikisha Taranto, akatiwa gerezani na utawala wa Naples hadi 1801. Alitoka mgonjwa. Mwaka 1802 Bonaparte aliurejesha utumwa katika makoloni. Jenerali aliomba malimbikizo ya mshahara wake, asipewe. Alikufa mwaka 1806, na mjane wake akanyimwa pensheni.

Serikali yaweza kumnyima mtu mshahara na heshima, lakini jina ni jambo jingine. Mwanawe, aliyeachwa na umri wa miaka mitatu, ndiye aliyelieneza duniani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Marie-Cessette hakuwapo Ufaransa, lakini lake lipo. Nawasihi walimu wenzangu wamtaje yeye kwanza, kabla ya wanafunzi kuzifungua riwaya za mjukuu wake.