Michael Faraday: Mtoto wa Mhunzi na Elimu ya Mshumaa

Usiku usio na mbalamwezi, mtu asimamaye ufukoni mwa Rumonge huona Ziwa Tanganyika limetapakaa taa za wavuvi, zikiwavuta ndagala kutoka vilindini. Nyumbani nako, penye kibatari, hakukosi mtoto wa kuuliza kwa nini moto hukaa kwenye utambi tu wala haushuki ukayaunguza mafuta yote kwa mara moja. Mara nyingi mtoto huyo huambiwa anyamaze, asimchoshe mama yake. Wasomaji wapenzi, leo tunasimulia maisha ya mtu aliyeliheshimu swali la namna hiyo mpaka uzeeni.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, pembezoni mwa jiji la London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na njaa haikuwa mgeni nyumbani mwao. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 14, aliwekwa kwa bwana Riebau, muuza vitabu, ajifunze kazi ya kujalidi.

Wengine wangeyashona majalada na kwenda zao kulala. Faraday aliyasoma yaliyokuwamo ndani. Kitabu kimojawapo kilichomfaa sana kiliandikwa na Bibi Jane Marcet, naye alieleza kemia kwa njia ya mazungumzo. Hata hivyo kijana huyo hakukubali jambo kwa sababu tu limepigwa chapa. Kwa senti chache alizobakiza alinunua vifaa vidogo, akayajaribu mwenyewe yale aliyoyasoma. Mwaka 1812 alipanga sarafu 7 za shaba na vipande vya zinki, akatia katikati karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi, na kwa vitu hivyo duni akapata umeme.

Mwaka huohuo mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Taasisi ya Kifalme. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Mwezi Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara. Hivyo ufundi wa mikono, ambao watu wengi huudharau, ndio uliomfungulia mlango wa elimu.

Mwaka 1831 alivumbua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya huo. Mitambo ya bwawa la Rwegura hapa Burundi, na jenereta ingurumayo dukani, zote hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Lakini mtu huyo mkubwa hakuona haya kukaa na wadogo. Tangu mwaka 1827 hadi 1860 alitoa mafunzo ya vijana wakati wa Krismasi mara 19. Yeye na mkewe Sarah hawakujaliwa watoto, lakini watoto wa jiji walimjaa ukumbini. Mafunzo yake ya mwisho yalihusu kitu kimoja tu, yaani mshumaa, na yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1861.

Majaribio yake mengine yaweza kufanywa hata kwetu, mradi mtu mzima awepo karibu na moto. Washa mshumaa, uache kidogo, kisha uuzime kwa pumzi ndogo. Moshi mweupe utapanda. Upesi ingiza njiti ya kiberiti iwakayo ndani ya moshi huo, bila kuugusa utambi. Utaona moto unateremka kwa njia ya moshi na kuuwasha mshumaa tena. Maana yake ni kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta. Nta huyeyuka, hupanda katika utambi, hugeuka mvuke, ndipo ikawaka. Basi swali la mtoto wa kibatari limejibiwa: mafuta nayo hupanda utambini kidogo kidogo na kuwa mvuke kabla ya kushika moto.

Kisha twaa bilauri kavu ya baridi, uiinamishe juu ya mwali kwa muda mfupi. Ndani yake utatanda umande, maana nta iwakapo hufanya maji kwa kuungana na oksijeni ya hewa. Mwishoe ufunike mshumaa wote kwa bilauri hiyo. Mwali utasinyaa na kufa, kwa kuwa oksijeni iliyobaki haitoshi kuulisha.

Faraday alikataa cheo cha heshima alichotaka kupewa na serikali yake, akapenda kubaki bwana Faraday tu. Alifariki dunia tarehe 25 Agosti 1867.

Wazazi na walimu wa mwambao wetu, hatuna sababu ya kungoja maabara za fahari ndipo tuwafundishe watoto kufikiri. Mshumaa, bilauri na maji ya chumvi vimo majumbani mwetu. Kinachopungua ni subira ya kumsikiliza mtoto aulizapo, na kumwambia: haya, njoo tujaribu. Mtoto wa mhunzi alipata nafasi hiyo kwa shida kubwa. Wetu na waipate kwa wepesi.