Luigi Broglio: Mtaliano aliyerusha setilaiti kutoka bahari ya Malindi

Jembe la mkulima wa pamba wa Kasoli, wilayani Bariadi, ni la chuma. Je, chuma hicho kilitoka wapi? Ulimwengu ulipoanza kulikuwa na gesi nyepesi tu, yaani haidrojeni na heliamu, pamoja na lithiamu kidogo sana. Chuma kilipikwa baadaye na nyota, nazo zilipolipuka kikatawanyika. Miongoni mwa watu waliosaidia wanasayansi kuliona hilo ni Luigi Broglio, aliyefanya kazi yake hapa Afrika Mashariki.

Broglio alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, karibu na Venice, Italia. Alisomea uhandisi, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Roma na jenerali wa jeshi la anga. Mwaka 1964 kikosi chake kilirusha setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, kutoka Marekani.

Hata hivyo, Broglio alitaka kurushia karibu na Ikweta. Hapo Dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Alichagua Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, Kenya. Majukwaa ya chuma yalisimamishwa baharini kwa miguu yake. Moja, Santa Rita, awali lilikuwa la kutafutia mafuta.

San Marco 2 iliruka kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikafuata setilaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina Uhuru.

Oktoba 1974 ikawa zamu ya Ariel 5 ya Uingereza. Kwa vipimo vyake, mwaka 1976 wanasayansi walitambua alama ya chuma katika gesi ya moto iliyojaa katikati ya galaksi za kundi la Perseus. Kumbe chuma kilichopikwa ndani ya galaksi hutoka nje!

Galaksi ndogo ndizo hupoteza zaidi, kwa sababu mvutano wake ni dhaifu. Nyota zikilipuka, gesi yenye chuma hupeperushwa kama makapi ya mtama kwenye ungo. Ndiyo maana nyota za galaksi ndogo za kale zina chuma kidogo sana.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka jukwaa hilo, na zote zilifika. Tangu hapo hakuna nyingine iliyoruka. Broglio alifariki Januari 2001, akiwa na miaka 89.

Kituo cha Malindi sasa kina jina lake, na bado kinapokea mawasiliano ya setilaiti. Wakenya wengi wamekuwa wakihoji nchi yao ilinufaika vipi. Swali hilo lina uzito: bahari ilikuwa yao, na Ikweta hupita kwao.