Daktari Hugh Trowell: Mtafiti Aliyekubali Kusahihishwa

Katika kufundisha Sayansi, aghalabu twaeleza uvumbuzi bila kueleza njia iliyouleta. Yafaa basi tuyatazame maisha ya Daktari Hugh Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904.

Alifika Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Uganda, akatibu na kufundisha udaktari katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuta watoto waliovimba miguu, nywele zimegeuka rangi na ngozi inabambuka. Maini ya waliofariki yalipochunguzwa yalionekana yamejaa mafuta. Trowell aliandika kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa pelagra. Lakini vitamini iliyoponya pelagra haikuwaponya watoto hao. Basi aliiacha rai yake, na mwaka 1954, pamoja na Davies na Dean, alitoa kitabu juu ya kwashiakoo, wakitilia mkazo upungufu wa protini. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba protini peke yake haitoshi kuueleza ugonjwa huo.

Baadaye aligeukia unene na kisukari, maradhi yaliyokuwa nadra kwa Waafrika alipoanza kazi, akahimiza vyakula visivyokobolewa. Alifariki mwaka 1989.

Mwalimu atakayefundisha lishe hapa Mombo asiwakaririshe wanafunzi majina ya vyakula tu. Awasimulie habari hii hadi pale vitamini iliposhindwa, kisha awaulize daktari angefanya nini. Atakayekosea asikatizwe, apewe nafasi ya kulipima jibu lake.